Ukiondoa sura kwenye kopo, umeondoa nini? Swali kuhusu Banania na matangazo ya vyakula

Mwanagenzi wa Uhakiki anauliza:

Ndugu wanajamvi, salaam.

Nyumbani kwa bibi yangu, Bukoba, kuna kopo la bati la rangi ya manjano ambalo mjomba alilileta kutoka Ufaransa miaka mingi iliyopita. Kinywaji kilichokuwamo kilikwisha zamani, na sasa kopo linahifadhi sukari. Ubavuni lina sura ya mtu mweusi aliyevaa tarabushi nyekundu, meno yote nje, na juu yake limeandikwa neno Banania. Bibi huliita kopo la askari. Nimekunywa chai ya sukari ya kopo hilo tangu nikiwa shule ya msingi bila kujiuliza askari huyo ni wa jeshi gani, wala anacheka nini.

Sasa ninaandika tasnifu ya shahada ya umahiri kuhusu nadharia ya baada ya ukoloni (inayochunguza athari za ukoloni katika fikra na utamaduni) na taswira za mtu mweusi katika matangazo ya vyakula, na kopo la bibi limekuwa mfano wangu mkuu. Niliyoyakusanya ni haya. Kinywaji hicho kilisajiliwa Agosti 1914 na mfanyabiashara Pierre-François Lardet, vita vikiwa ndiyo kwanza vimeanza. Kilikuwa mchanganyiko wa kakao, sukari, nafaka na unga wa ndizi (jambo ambalo kwa mtu wa Bukoba si la ajabu hata kidogo). Tangazo la mwanzo lilikuwa na mwanamke wa visiwa vya Antili, huko Karibi, lakini mwaka 1915 mchoraji Giacomo de Andreis alimweka mahali pake askari wa vikosi vya tirailleurs sénégalais, yaani Waafrika wa makoloni ya Ufaransa ya Afrika Magharibi, akiwa ameketi chini na kijiko mkononi, pamoja na maneno "Y'a bon", ambayo ni Kifaransa kilichovunjwa cha kusema "ni tamu". Kaulimbiu hiyo iliachwa mwaka 1977, ikajaribu kurudi baadaye, na mwaka 2011 mahakama ya rufaa ya Versailles ikaamuru bidhaa zenye maneno hayo zisiuzwe tena.

Katika rasimu ya sura ya tatu nilionesha kwa kirefu kwamba picha hiyo ni ya kibaguzi. Msimamizi wangu aliirudisha akiwa ameandika pembeni, kwa kalamu nyekundu: "Umelaani, hujachambua." Naomba msaada katika mambo mawili. Kwanza, nadharia inaniwezesha kusema nini zaidi ya kwamba picha inatukana, jambo ambalo hata asiyesoma nadharia yoyote analiona? Pili, ikiwa kampuni imekwisha kuondoa maneno yake, na nyingine zimeondoa sura kabisa kama zilivyofanya kampuni za Marekani mwaka 2020, je, mhakiki bado ana kazi, au kesi imekwisha?

Nimetumia istilahi "taswira mgando" kwa maana ya picha ya kundi la watu iliyokaririwa mpaka ikaganda na kuonekana kuwa ndiyo maumbile yao. Mwenye neno bora na anipe.

Mwalimu Mstaafu, Morogoro, anajibu:

Mwanangu, msimamizi wako yuko sahihi, ingawa angeweza kutumia kalamu ya buluu. Istilahi yako inatosha. Kinachoganda kilikuwa majimaji, na kazi yako ni kueleza kiligandishwa lini, na nani, na kwa baridi ipi.

Anza na mwaka. Mnamo 1915 Ufaransa inawaleta vijana wa Afrika Magharibi kupigana katika mahandaki ya Ulaya. Kwa miaka mingi kabla ya hapo raia wa kawaida wa Ufaransa ameelezwa, katika magazeti na katika maonesho ambamo watu wa makoloni walitazamwa kama wanyama wa hifadhi, kwamba hao ni washenzi. Sasa washenzi hao wamepewa bunduki, wako kwenye vituo vya treni na katika hospitali za miji yake, na anatakiwa kuwaona kuwa walinzi wake. Hofu hiyo lazima itafutiwe mahali pa kukaa. Sasa litazame tena bango la de Andreis: silaha imelazwa nyasini, kijiko kimeinuliwa. Mtu ambaye kazi yake ni kuua Wajerumani amegeuzwa mtoto mbele ya bakuli. Huwezi kusema kwamba bango hilo linamchukia. Linampenda, na kupendwa huko ndiko kunakohitaji uchambuzi.

Homi Bhabha, mwananadharia wa baada ya ukoloni, katika makala yake ya mwaka 1983 kuhusu jambo hili, anasema kwamba taswira ya namna hii daima ina nyuso mbili ambazo hazipatani: mtu mweusi yuleyule ni mshenzi mla watu, na papo hapo ni mtumishi mtiifu kuliko wote, mbeba chakula. Zingatia kwamba mfano wake ni wa chakula. Anaongeza kwamba taswira hiyo hudai kuwa jambo linalojulikana na kila mtu, lakini haiachi kurudiwarudiwa, kwa kuwa haiwezi kuthibitishwa. Hapo unapata sababu ya tangazo moja kuwa ukutani, kwenye kopo, kwenye daftari la shule na kwenye kikombe cha asubuhi kwa zaidi ya nusu karne. Jambo lililo kweli halihitaji kubandikwa kila mahali.

Kisha shuka kwenye lugha, na hapa ningekaa kirefu kama ningekuwa wewe. Watu husema kwamba "Y'a bon" inacheka jinsi Waafrika walivyoshindwa kusema Kifaransa. Lakini mwaka 1916 jeshi la Ufaransa lenyewe lilikuwa na kitabu kidogo cha kuwafundisha maofisa namna ya kusema Kifaransa kilichopunguzwa na askari hao: vitenzi visivyonyambulika, majina bila vibainishi vyake. Maana yake ni kwamba uvunjwaji wa lugha ulikuwa somo lililotolewa kutoka juu. Askari alifundishwa kusema hivyo, kisha akachekwa kwa kusema hivyo. Bango limeficha hatua ya kwanza na kutuonesha ya pili tu.

Linganisha na kwetu. Wazee wa Kenya wanakijua Kisetla, Kiswahili cha walowezi, ambacho mwenye shamba alikitumia kwa mpishi na mtunza bustani: "kisu yangu iko wapi", "leta chai moto", kila ngeli imekanyagwa na kila sentensi ni amri. Naye alikuwa mtu aliyeshindwa kusema lugha ya watu sawasawa, tena kwa maisha yake yote. Lakini hakuna aliyechora sura yake kwenye pakiti ya majani ya chai, anacheka, na chini yake kimeandikwa Kisetla chake. Kwa nini? Ukijibu swali hilo umeshatoka katika kulaani, kwa sababu utakuwa unazungumzia nani mwenye kiwanda cha kuchapa picha, na lugha ya nani ikivunjika huhesabiwa kuwa upungufu wa akili.

Mwisho, usimwache Frantz Fanon, ila msome polepole. Yeye alikuwa mtu wa Martinique, raia, daktari, aliyepigana upande wa Ufaransa huru katika Vita Vikuu vya Pili. Katika kitabu chake cha mwaka 1952 anaeleza jinsi mtoto mweupe alivyomnyooshea kidole, na yeye akahisi kuangukiwa na orodha nzima ya mambo ambayo hakuyatenda: ulaji watu, uchawi, utumwa, na mwisho wa orodha, juu ya yote, maneno ya Banania. Tangazo lilikuwa limetoka kwenye kopo na kumtangulia njiani. Senghor, mshairi wa Senegali, ambaye mwaka 1940 alikuwa askari na akatekwa na Wajerumani, aliapa katika shairi la kufungulia diwani yake ya 1948 kwamba atavichana vicheko vya Banania kutoka kuta zote za Ufaransa. Hakusema atazichana picha. Alisema vicheko.

Kwa hiyo acha kuuliza kama picha inafanana na Mwafrika au haifanani. Uliza ilifanya kazi gani, mezani kwa nani, saa ngapi ya siku. Waliokuwa wakikinywa kinywaji hicho ni watoto, asubuhi, kabla ya kwenda kusoma ramani ya makoloni yao shuleni.

Mkarafuu, Wete, anajibu:

Asalaam aleikum. Mimi si mhakiki, lakini neno la msimamizi wako limenichekesha. Huku Pemba kuchambua ni kazi ya vidole. Karafuu zikishachumwa, usiku familia nzima hukaa kuzunguka rundo, taa katikati, mnatenga karafuu huku na makonyo kule, na asubuhi mnazianika juani juu ya majamvi. Vidole vinabaki na rangi na harufu kwa msimu mzima. Basi nami nitakupa rundo moja ulichambue, ambalo halina sura ya mtu hata moja.

Kati ya mwaka 1926 na 1933 Uingereza ilikuwa na chombo kilichoitwa Empire Marketing Board, kazi yake kuwashawishi Waingereza wanunue bidhaa za dola yao. Mwaka 1927 chombo hicho kilisambaza maelezo ya kupika keki ya mvuke ya Krismasi, yaliyotolewa na mpishi wa Mfalme George V, Mfaransa aitwaye André Cédard. Kila kiambato kimeandikiwa kinakotoka. Zabibu kavu ni za Australia au Afrika Kusini, mdalasini ni wa India au Ceylon, sukari ni ya visiwa vya Karibi au Guiana ya Waingereza, mvinyo mkali ni wa Cyprus au Palestina, ramu ni ya Jamaika. Na karafuu za kusaga: Zanzibar.

Nilipoiona orodha hiyo kwa mara ya kwanza nilifurahi, nisikufiche. Jina letu limo katika chakula cha mfalme! Furaha hiyo ilidumu kama dakika mbili. Kisha nikaanza kuhesabu. Amri ya kuondoa hadhi ya kisheria ya utumwa Unguja na Pemba ilitolewa mwaka 1897, kwa hiyo mchumaji wa miaka 40 katika mwaka huo wa keki alizaliwa wakati mtu bado anaweza kumilikiwa kisheria, na mashamba mengi aliyokuwa akiyachuma yalipandwa na watumwa waliotolewa bara enzi za masultani. Kwenye orodha hayumo. Yamo makoloni, yamepangwa vizuri, yanasubiri kuchanganywa bakulini na mwiko wa mama wa Kiingereza.

Sasa iweke keki hiyo mkabala na kopo la bibi yako. Banania ina sura isiyo na jina wala mahali: Senegali, Sudani ya Wafaransa (Mali ya leo), Dahomey (Benin ya leo), wote wameingizwa chini ya tarabushi moja. Keki ya dola ina mahali pasipo na sura. Ukisema kwamba ubaya uko katika sura, keki itakuponyoka na kutoka mahakamani ikiwa safi. Nadhani hilo linagusa swali lako la pili.

Mhakiki Mmarekani mweusi bell hooks aliandika mwaka 1992 kwamba katika biashara ya kisasa utofauti wa watu weusi hugeuzwa kiungo cha kukolezea chakula kilichodorora cha utamaduni wa weupe walio wengi. Wasomi hulisoma hilo kama sitiari. Sisi tunaouza viungo kweli tunalisikia kwa sikio jingine. Na nikuongezee uchungu: taswira ya visiwa vya marashi ya karafuu tunaiuza wenyewe. Mgeni akija tunamtembeza mashambani, tunamnusisha majani, kijana anaukwea mnazi huku akiimba, na wimbo huo umelipa ada za shule za watoto wengi. Sijui nadharia yako inamwita nani kijana yule. Kwangu ni mtoto wa jirani.

Mdadisi wa Eastlands, Nairobi, anajibu:

Kwa heshima zote kwa waliotangulia, naona swali la pili la Mwanagenzi ndilo gumu zaidi na bado halijajibiwa, kwa hiyo nitashikilia hilo.

Mwaka 1889, katika mji wa St. Joseph, Missouri, Chris Rutt na mwenzake walikuwa na kinu cha unga na walitafuta jina la unga wao wa chapati za maji. Rutt alilipata ukumbini, katika michezo ambayo waigizaji walijipaka masizi usoni ili kuwaigiza Weusi, mahali ulipoimbwa wimbo wa Aunt Jemima. Mnunuzi aliyewafuata alimwajiri Nancy Green, mwanamke aliyezaliwa mtumwa Kentucky mwaka 1834, na mwaka 1893 katika maonesho makubwa ya Chicago mama huyo alisimama akipika chapati mbele ya umati na kusimulia hadithi za raha za mashamba ya kusini. Hebu fikirini: mtu aliyekuwa mtumwa analipwa kusimulia jinsi utumwa ulivyokuwa mtamu, huku akigawa chakula. Alifariki mwaka 1923 baada ya kugongwa na gari, akazikwa Chicago katika kaburi lisilo na alama.

Mnamo Juni 2020, Marekani ikiwa katika maandamano ya kupinga ubaguzi wa rangi, wamiliki walitangaza kwamba sura na jina vitaondolewa. Mwaka 2021 unga ule ukaanza kuitwa Pearl Milling Company. Na Pearl Milling ni nini? Ni jina la kile kinu cha St. Joseph, cha wale wazungu wawili. Kwa kuondoa sura ya mwanamke mweusi, kampuni ilirudisha jina la biashara iliyomtunga. Baadhi ya jamaa za wanawake waliofanya kazi ya kuigiza Aunt Jemima walilalamika hadharani kwamba bibi zao wanafutwa mara ya pili. Septemba ya mwaka uleule wa 2020 kaburi la Nancy Green lilipata jiwe la jina lake, kwa juhudi za watu wa Chicago waliolitafuta kaburi hilo kwa miaka.

Mimi siungi mkono kubaki kwa sura ile, msinielewe vibaya. Ninachosema ni kwamba Aunt Jemima na Nancy Green si mtu mmoja, na tendo lililomwondoa wa kwanza halikumrudishia wa pili chochote.

Kuna jambo la lugha pia, kwa kuwa Mwalimu amelifungua. Sisi tukimwita mtu shangazi au mjomba asiye wa damu yetu, tunampandisha: tunamwingiza katika ukoo na tunajiwekea wajibu kwake. Kusini mwa Marekani mambo yalikuwa kinyume. Weupe walitumia "shangazi" na "mjomba" kwa Weusi wazee ili wasilazimike kuwaita Bi na Bwana. Ndipo akapatikana huyo Jemima, na ndipo akapatikana Uncle Ben wa mchele, ambaye naye mwaka 2020 kampuni yake ilitangaza kumwondolea ujomba na kubakiza Ben. Mwanafunzi wa Kiswahili akizitafsiri pakiti hizo kwa "Shangazi" na "Mjomba" bila maelezo, atakuwa amezipa adabu ambazo hazikuwamo. Hilo peke yake ni kurasa tatu za tasnifu yako.

Mkaazi wa Glasgow anajibu:

Naongeza mfano mfupi, kwa sababu chupa yake iko kabatini kwangu. Camp Coffee ni maji mazito ya kahawa na chikori (mzizi unaokaangwa na kuchanganywa na kahawa) yaliyoanza kutengenezwa hapa Glasgow mwishoni mwa karne ya 19. Lebo ya zamani inaonesha ofisa wa Kiskoti aliyevaa sketi ya kijeshi, ameketi nje ya hema, na Mhindi Kalasinga mwenye kilemba amesimama kando yake ameshika sinia. Baadaye sinia likaondolewa mkononi, lakini mtu akabaki amesimama, mkono umekunjwa kushika hewa. Mwaka 2006 lebo mpya ikamketisha Kalasinga kando ya ofisa, naye ana kikombe chake.

Watu wengi huku wanaona kwamba jambo limemalizwa kistaarabu. Mimi kinachonivutia ni ile chupa ya katikati, yenye mtumishi asiye na sinia. Mchoraji alifuta kazi ya mtu huyo na kuacha mkao wa utumishi kama ulivyokuwa. Na hata katika ile ya 2006, hema bado ni la nani? Wamekaa sawa, lakini wamekaa katika kambi ya jeshi la dola, juu ya ardhi ya mmoja wao.

Kijana wa Moshi anajibu:

Wakubwa zangu, shikamooni. Mifano yote ni ya Ulaya na Marekani, na ni sawa kwa sababu ndiko walikobuni mambo haya. Lakini nimeziona kwenye maduka ya watalii pakiti za kahawa ya Kilimanjaro zenye picha ya Mmasai na mkuki wake. Babu yangu alikuwa mkulima wa kahawa mlimani. Wachagga walianzisha chama chao cha wakulima wa kahawa mwaka 1925, na mwaka 1933 kikazaliwa chama kikuu cha ushirika, KNCU, kilichouza kahawa yao wenyewe. Watu waliokuwa wakibishana na serikali ya kikoloni kuhusu bei hawaonekani kwenye pakiti. Anaonekana mfugaji, ambaye kwa desturi yake hakulima hata mahindi. Nadhani ni kwa sababu mkulima mwenye miwani na daftari la hesabu hauzi. Na waliochapa pakiti hizo, kwa kadiri nilivyoona, ni Watanzania wenzetu. Tunaiita nini hali hiyo?

Mwalimu Mstaafu, Morogoro, anajibu:

Marahaba, kijana. Tulikuwa na neno lake kabla vitabu hivi havijafika kwenye maktaba zetu: kasumba. Kasumba ni afyuni. Tulilitumia kwa mtu aliyeyavuta mawazo ya mtawala mpaka akayaona kuwa ndoto zake mwenyewe. Ila ninakuonya usimtupie neno hilo mwenye duka haraka. Huenda anajua vizuri kabisa kwamba Mmasai halimi kahawa. Anajua pia mgeni amekuja kununua nini. Mtu anayeiamini taswira na mtu anayeiuza bila kuiamini si mtu mmoja, na kijana wa mnazini wa ndugu yetu wa Wete naye ni wa aina ya pili. Mwanagenzi, utenganishe hao kama karafuu na makonyo.

Mwanagenzi wa Uhakiki anajibu:

Mwalimu, shikamoo, nanyi nyote nawashukuru.

Nimeamua kuivunja sura ya tatu na kuijenga upya. Nitaacha swali la kama sura ipo au haipo, kwa kuwa mmenionesha keki isiyo na sura ambayo inafanya kazi ileile, na unga ambao umeondolewa sura ukarudi kwa wenye kinu. Nitafuata mambo matatu katika kila tangazo: nani anayehudumu, nani anayetajwa kwa jina, na lugha ya nani imevunjwa na nani. Banania itabaki kuwa kiini, kwa sababu ya kile kitabu cha jeshi cha 1916, ambacho sikukijua. Camp Coffee itaingia kwa ajili ya mkono ulioshika hewa. Suala la Mmasai wa pakiti na kijana wa mnazini ninaliogopa kidogo, kwa kuwa linahitaji kwenda kuwauliza wenyewe, na muda niliobakiwa nao ni miezi minne. Nitaliweka mwishoni kwa kurasa chache, au nitaliacha kwa ajili ya kazi nyingine.

Jana nilimpigia bibi simu, nikamwomba alitazame kopo na anieleze anachokiona. Alikwenda nalo dirishani, akakaa kimya kidogo, kisha akasema kwamba askari amefutika jicho moja kwa kusuguliwa, na kwamba nikija Desemba nimletee kopo jingine lenye mfuniko unaobana, kwa sababu hilo linaingiza sisimizi.